Tuseme Kabla Vizimba Havijajaa

Hii ni hotuba niliyoitoa Busia, upande wa Uganda, mbele ya wafugaji, wachuuzi wa kuku, vijana wa boda boda na viongozi wetu wa dini. Wengi mlioshindwa kufika mmeniomba niiweke. Nimeiacha kama ilivyotoka mdomoni, ila nimeondoa pale umeme ulipokatika tukabaki tunacheka tu gizani.

Mheshimiwa Mwenyekiti wa LC, baraza letu la mtaa, Sheikh wetu, Mchungaji wetu, wazee wangu, mama zangu wa soko la kuku, vijana wenzangu wa stejini: asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Hamjambo?

Nilipokuwa naingia nimesikia mnong'ono pale nyuma: "Ndiye huyu binti asiyekula nyama?" Ndiye mimi. Tulimalize hilo mapema ili tuendelee.

Siku nilipomweleza bibi yangu kwamba nimeacha kuku, alicheka mpaka akatafuta mkeka akae. Akaniambia, "Mjukuu wangu, sisi wanawake tulikatazwa kuku na mayai tangu usichana. Tulimfuga, tukamchinjisha, tukampika, na kipande tukawapelekea wanaume. Firigisi ya mwenye nyumba, paja la mgeni. Tumengoja maisha yetu yote tuonje, leo wewe unapewa unakataa?" Mama zangu mliotoka Buganda, Busoga na huku kwetu Usamia mnaijua habari hiyo vizuri kuliko mimi. Bibi ana haki ya kucheka.

Kwa hiyo sikuja kuchungulia sufuria ya mtu. Anayekula na ale. Nimekuja kusema habari za mnyama kabla hajafika kwenye sufuria: anavyosafirishwa, anavyowekwa, anavyochinjwa. Na zaidi ya yote nimekuja kusema habari za vizimba vya waya vinavyoingia nchini mwetu vikiitwa maendeleo. Nitafika huko.

Kwanza niulize: ni nani humu ndani hajawahi kuona kuku wakining'inia kwenye usukani wa boda? Nyoosha mkono. Hakuna. Hata Mchungaji hajanyoosha.

Siku moja ya soko nilimsimamisha kijana mmoja anayetoka upande wa Dabani. Usukani wote, kulia na kushoto, ni kuku. Miguu imefungwa kwa kamba za mgomba, vichwa chini, mabawa yamefunguka kwa sababu hawana nguvu tena ya kuyakunja. Niliinama nikamtazama mmoja usoni. Upanga wake ulikuwa umegeuka rangi ya zambarau. Mdomo wazi, anahema, na kila boda ikiruka shimo kichwa chake kinagonga chuma. Mjue kwamba kuku hana ule ukuta wa msuli tulio nao sisi kati ya kifua na tumbo. Ukimgeuza kichwa chini, matumbo yake yote yanalala juu ya mahali anapopumulia. Anaposafirishwa hivyo saa nzima, anapigania pumzi saa nzima.

Nikamwuliza yule kaka, kwa nini usiwatie kwenye tenga? Akanijibu bila kuudhika: "Dada, mimi nalipwa kwa kichwa. Tenga linakula nafasi na halinilipi." Nikauliza, akifa njiani anakatwa nani? "Mwenye mali." Mwenye mali anamkata nani? Akacheka. "Aliyemuuzia. Wiki ijayo bei inashuka." Na aliyemuuzia ni nani? Ni mama aliyeketi kwenye viti hivi. Ni wewe, mama yangu. Hasara ya yule kuku aliyekufa kwenye usukani unailipa wewe, na hakuna aliyekuletea risiti.

Wapo wanaosema kuku hasikii maumivu, ni mnyama tu. Tarehe 7 Julai 2012 wanasayansi wa ubongo walikutana Cambridge, Uingereza, wakatoa tamko kwamba mamalia na ndege, na viumbe wengine kadhaa, wana ndani ya ubongo wao vile vinavyohitajika ili kuwa na fahamu. Tarehe 7 Julai! Siku ambayo sasa dunia inaadhimisha Kiswahili. Labda nafurahia mimi peke yangu. Lakini mama yeyote aliyewahi kumwona tetea wake siku mwewe aliposhuka uani, jinsi alivyolia na kujitanua juu ya vifaranga, huyo hakuhitaji kupanda ndege kwenda Cambridge.

Na sheria ipo. Watu wanashangaa nikisema hivyo. Uganda ina sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama tangu mwaka 1957, miaka mitano kabla ya uhuru. Inasema kumpiga mnyama kikatili, kumtesa, kumbeba kwa namna inayomuumiza bila sababu, ni kosa. Imekaa kwenye vitabu tangu wazee wetu hapa mbele walipokuwa watoto. Ni nani aliyeiona ikifanya kazi barabarani? Kuku kwenye usukani, nguruwe amefungwa kwa mpira nyuma ya pikipiki anapiga kelele kutoka kijijini mpaka buchani, ng'ombe wa Karamoja amelala ndani ya lori linalokwenda Kampala na wenzake wanamkanyaga, turniboi anamkunja mkia mpaka uvunjike ili asimame. Hayo yote yanapita mbele ya vizuizi vyetu mchana kweupe.

Sheikh, naomba ruhusa niingie kidogo kwenye eneo lako.

Kuna mchinjaji mmoja mzee aliyenifundisha jambo. Kabla mbuzi hajaletwa, ananoa kisu akiwa amegeukia ukuta. Anakijaribu kwenye malaika ya mkono wake. Kisipokata, anarudi kwenye jiwe. Nikamwuliza kwa nini anajificha. Akasema, "Mtume, rehema na amani zimshukie, alitufundisha kwamba Mwenyezi Mungu ameagiza wema katika kila kitu, na ukichinja uchinje vizuri: noa kisu chako, umpumzishe mnyama. Na usimnolee kisu machoni pake." Hadithi hiyo ya kunoa kisu imo katika Sahih Muslim, na Sheikh anatikisa kichwa, kwa hiyo nimeponea. Mchungaji naye anajua kwamba Torati inakataza kumfunga kinywa ng'ombe anapopura nafaka, na kwamba Mithali inamtambua mwenye haki kwa namna anavyojali uhai wa mnyama wake. Basi mtu asiniambie kwamba habari hizi nimezileta kutoka Ulaya. Zilikuwa msikitini na kanisani kabla sijazaliwa.

Sasa nije kwenye kile kilichonifanya niombe ukumbi huu.

Sina picha za kuonyesha ukutani. Nina hii tu. Karatasi ya kawaida, ile mnayotolea kopi ya kitambulisho. Huko nyuma mnaiona? Katika nchi za Umoja wa Ulaya, kabla hawajapiga marufuku vizimba vya waya vya zamani, sheria ilimpa kuku mmoja wa mayai sentimita za mraba 550. Karatasi hii ina zaidi ya 620. Kwa hiyo naikunja hapa pembeni, hivi. Hapo. Hapo ndipo anapokula, anapokunya, anapotaga na anapolala, juu ya waya ulioinama ili yai liviringike lifike mbele. Zaidi ya mwaka mzima. Na hizo ni nchi zenye kipimo kilichoandikwa na mkaguzi wa kuja kukipima.

Niliingia kwenye shamba la namna hiyo huko Wakiso, karibu na Kampala. Silitaji. Mwenyewe alinikaribisha vizuri, akanipa gambuti, akanijibu kila swali, na sina ugomvi naye. Nilichokiona ndicho ninachowaletea.

Kuku wa nyumbani akitaka kutaga mnajua anavyofanya. Anazunguka, anatafuta kona, anaingia chini ya kitanda cha mtu, anachakura kidogo, ananyamaza. Yule wa kizimbani anataka vilevile. Nilisimama nikamtazama mmoja. Alijipenyeza chini ya matumbo ya wenzake, akatokea upande wa pili, akasukuma kichwa kwenye waya, akarudi alikotoka, akaanza tena. Kona hakuna. Shingo haina nyoya, ngozi nyekundu, maana kila akila inasuguana na waya. Kucha zimekuwa ndefu zikajipinda kwa sababu hakuna ardhi ya kuzisaga. Ncha ya mdomo ilikatwa kwa chuma cha moto akiwa kifaranga ili asiwadonoe wenzake. Na kuku mwenye afya hupenda kuoga vumbi, hilo kila mtoto wa kijijini analijua. Wale wanafanya mwendo wa kuoga vumbi juu ya waya mtupu. Wanajirusha, wanatikisa bawa, vumbi hakuna.

Nikamwuliza kijana anayewahudumia: siku ya kuwauza wanatoka wazima? Akaniambia, "Wengine wanavunjika mkononi." Sababu yake ni hii. Kuku huyu amechaguliwa kizazi baada ya kizazi atage mayai kama 300 kwa mwaka. Kuku wetu wa kienyeji anataga arobaini, hamsini, sitini, anaangua, anapumzika. Kila ganda la yai linataka kalisi, yale madini ya kujenga mifupa, na kalisi isipotosha kwenye chakula inachukuliwa kwenye mifupa. Mifupa ya mnyama asiyetembea wala kuruka haijijengi tena. Ukimvuta mguu kumtoa mlangoni, unasikia kitu kimekatika. Mnawajua kuku hao. Wanaletwa sokoni kuelekea Krismasi kwa bei ya kutupa, wepesi, nyoya chache, na mteja anauliza huyu alikuwa anaumwa nini.

Wazee wangu, hayo ndiyo maendeleo?

Wenzetu walianza zamani na wametumia nguvu nyingi kutoka. Mwaka 1965 kamati iliyoundwa na serikali ya Uingereza ilitoa ripoti ikasema mnyama anayefugwa anatakiwa angalau aweze kusimama, kulala, kugeuka, kujisafisha na kunyoosha viungo. Mambo matano tu, na hata hayo yalionekana makubwa. Uswisi ikafunga vizimba kufikia mwaka 1992. Umoja wa Ulaya ukakubaliana mwaka 1999, marufuku ikaanza tarehe 1 Januari 2012. Hesabuni wenyewe. Miaka kumi na miwili na zaidi, kutoka kwenye karatasi mpaka bandani, kwa sababu banda lililokwisha kujengwa kwa mkopo halibomolewi kwa tangazo. Na hawajamaliza. Bado wanaruhusu vizimba vilivyopanuliwa, vyenye kiota na kijiti cha kulalia, na raia zaidi ya milioni moja wakatia sahihi kutaka navyo viondoke. Juni 2021 Tume ya Ulaya ikaahidi kuleta sheria ya kuviondoa. Mpaka leo wanavutana.

Sisi tuko wapi? Sensa ya mifugo ya mwaka 2008 ilihesabu kuku milioni 37 na ushei Uganda nzima. Ile ya 2021 ilihesabu zaidi ya milioni 57. Ongezeko ni kubwa, na mjini walaji wanazidi. Lakini kuku wetu wengi bado ni wa kienyeji, wanachakura uani. Wengi wa waliobaki wako chini, juu ya makapi ya kahawa. Vizimba vimeanza, ila bado tunaweza kuvihesabu kwa kuuliza majirani. Hapo ndipo hoja yangu yote ilipo. Leo kukataa hakumfilisi mtu. Baada ya miaka kumi, watu wakishaweka ardhi na nyumba rehani, nani atawaambia wavunje? Mimi sitaweza. Nitakuwa natetea kuku huku watoto wa mtu wanafukuzwa shule.

Nisiwe mwongo: vizimba vina faida kwa mwenye navyo. Yai linatoka safi. Chakula hakimwagiki. Mfanyakazi mmoja anahudumia kuku wengi. Kuku hawezi kula yai lake. Hayo yote ni kweli na mwenye shamba wa Wakiso alinionyesha daftari.

Sasa nendeni Dabani kwa mama mmoja ninayemtembelea mara kwa mara. Banda lake lina ukuta wa matofali mpaka magotini, juu wavu wa kuku, hewa inapita. Chini makapi ya kahawa makavu, anayageuza kwa reki kila asubuhi. Ameweka vijiti vya mkaratusi ngazi kwa ngazi, usiku kuku wote wako juu wamepangana. Viota ni mitungi ya plastiki iliyokatwa ubavuni. Hajasomea Ulaya huyo. Trei zake zinachukuliwa na vijana wa rolex, ile chapati ya mayai, hapa stejini, na wanamtafuta wenyewe kwa simu. Siku mtu mwenye vizimba vya kuku maelfu atakapomwaga trei zake Busia kwa bei ambayo mama huyu hawezi kuishusha, nani atafunga banda? Ada ya muhula wa pili italipwa na nani?

Kijana mmoja aliniuliza Tororo, tena kwa hasira: "Watu wanalala njaa, wewe unalilia kuku?" Ni swali halali na nimelijibu mara nyingi. Kizimba cha waya hakimlishi mwenye njaa. Kinahitaji mtaji, umeme, mahindi ya kununua na mteja wa mjini. Kuku wa uani anakula makombo na mchwa, na mwenye njaa anaweza kuwa naye. Tukimwachia biashara hii mwenye mtaji peke yake, mwenye njaa atabaki na njaa yake na hata kuku hana.

Halafu kuna dawa. Septemba 2023 mlisikia redioni. Maofisa wa Mamlaka ya Taifa ya Dawa walikwenda mbele ya kamati ya Bunge, wakakiri kwamba dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi zinapewa nguruwe na kuku ili wanenepe na wasife. Na kwamba walikuwa wanajua kwa miaka. Watu wakapiga kelele, wakawatukana wafugaji. Mimi nilimfikiria mfugaji. Homa ya nguruwe ya Afrika haina tiba. Ikiingia zizini leo, wiki ijayo unachimba shimo. Mtu akikuambia kuna kidonge, utakinunua. Lakini tuulize, maradhi yanapenda wapi? Yanapenda pale wanyama wengi wamebanwa, hewa nzito, kinyesi juu ya kinyesi. Hapo ndipo dawa inapogeuka kuwa chakula cha kila siku, na mabaki yake yanakuja mezani kwako bila kukuuliza hali yako.

Na wachuuzi wa hapa mpakani hamjasahau Januari 2017. Mafua ya ndege yalionekana kwa ndege wa porini kwenye ziwa, kule Lutembe karibu na Entebbe, na Kenya ikapiga marufuku kuku na mayai yetu. Sisemi vizimba ndivyo vilivyoleta; ndege wa porini ndio waliougua kwanza. Nasema riziki ya Busia inategemea mnunuzi wa ng'ambo kuamini jinsi tunavyofuga. Imani hiyo tuliiona ikiondoka kwa tangazo moja.

Basi naomba nini? Siombi mengi, na sitaki makofi kabla sijamaliza.

Chama cha wachuuzi kinunue matenga, yakae sokoni, kijana wa boda aazime asubuhi arudishe jioni. Nauli ihesabiwe kwa tenga, si kwa kichwa. Nimeongea na mwenyekiti wa steji, hakukataa. Alisema "tuone", na ninyi mnajua "tuone" ya mwenyekiti inahitaji kusukumwa.

Mheshimiwa Mwenyekiti wa LC, tangu mwaka 1997 sheria ya serikali za mitaa inazipa halmashauri uwezo wa kutunga sheria ndogo. Naomba mpeleke kwenye halmashauri ya mji moja fupi: kuku haingii sokoni kichwa chini, mnyama hapakiwi akiwa amefungwa miguu yote minne. Ukurasa mmoja unatosha, na mkaguzi wa soko yupo tayari, anakusanya ushuru kila siku pale getini.

Vijana mnaopata pesa za PDM, mpango wa serikali wa kuinua kaya, ile shilingi milioni 1 ya kaya: kabla hujamsikiliza muuza vizimba kwenye simu, nenda Dabani ukaone banda. Mama amekubali wageni Jumamosi, ila msiende na viatu mlivyotembelea sokoni. Ataweka maji ya dawa mlangoni, mkanyage humo. Kideri, ule ugonjwa unaofagia kuku, hakina undugu.

Na wenye hoteli na shule za bweni, ambao nawaona mmekaa karibu na mlango: ulizeni yai lenu linatoka wapi. Swali tu. Mkiuliza ninyi mnaonunua trei mia kwa wakati mmoja, muuzaji atatafuta jibu. Nikiuliza mimi nisiyekula hata mayai, ananiona kichaa.

Daftari la majina ya wanaotaka kuchangia matenga liko kwa katibu, hapo kwenye meza ya soda. Sasa maswali. Mzee wa kofia ya kijani amenyoosha mkono tangu nilipotaja Wakiso, na nasikia ameshalipa malipo ya kwanza ya vizimba. Mpeni kipaza sauti, tumsikilize yeye kwanza.